Nimestaafu kuongoza makofi

Tangazo rasmi: kuanzia leo nimestaafu uongozi wa makofi hapa Machakos. Zawadi za kuniaga zinapokelewa.

Mnajua kiwanda chetu cha sabuni kilifilisika. Leo bwana aliyewekwa kusimamia mabaki yake alituita ukumbi wa kanisa, sisi wafanyakazi wa zamani, atueleze kuhusu pensheni.

Akasema, "Pesa zenu ziko salama. Wadhamini wa mfuko wa pensheni wanaziweka kando, na wanaomdai mwajiri hawawezi kuzigusa."

Mimi huyo, nishasimama. "Wenzangu, makofi ya kilo!"

Tukapiga hadi mabati yakaitika.

Bwana akangoja tumalize. "Lakini ni zile tu mwajiri alizozifikisha kwa wadhamini."

Mama Ndinda, tuliyefungasha naye sabuni miaka yote hiyo, akanivuta koti. "Baba Mwende, keti. Sasa hayo makofi utayarudisha aje?"

Chekeni tu.

Ukweli ni kwamba ile miaka ya mwisho tulikatwa mshahara kila mwezi, na makato hayo ya pensheni hayakutoka kiwandani. Pesa za awali tutapata. Hizo zingine tumezipangia foleni nyuma ya benki inayokidai kiwanda.

Na mimi sikusimama kwa furaha. Nilisikia "salama" nikasimama kwa sababu nimechoka kuogopa.