Ng'ombe wa Mtu Asiyechunga

Nilisoma darasa la pili nikaacha. Hesabu nilijifunzia Kibaigwa, kwenye mahindi, siku zile soko likiwa bado kando ya barabara tu, nayo ilinitosha kujenga nyumba ya bati na kulisha watu. Nasema hivyo ili mtu asinionee huruma. Huruma tuliipata ya kutosha tangu binti yangu wa mwisho alipozaliwa na miguu isiyokunjuka na mikono inayokwenda ipendavyo. Akili yake ni nzima. Maneno ndiyo yanatoka polepole, na asiyemzoea huondoka kabla hayajafika.

Dada zake waliolewa mbali. Mimi na mama yake tulikuwa tunazeeka. Nililala na swali moja na kuamka nalo: tukifa, huyu atakula nini?

Kwanza nilimwekea fedha benki. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara, kila mtu akawa mfanyabiashara, na shilingi ikaanza kuyeyuka kama mafuta ya kondoo juani. Fedha ambayo nilipoiweka ilikuwa ya ng'ombe mzima, miaka michache baadaye ilikuwa ya mguu wa nyuma. Nikaitoa yote, nikanunua mitamba, ng'ombe majike ambao hawajazaa.

Kwetu mwenye akili haweki mifugo yote zizini kwake. Unampa rafiki wa mbali akulishie. Maziwa anywe yeye, samadi yake, ndama wako. Mnyama akifa, anakuletea ngozi uione kwa macho yako; akichinjwa, na paja juu yake. Na mambo hayo hubaki kati ya wawili, maana mtu mwenye zizi lililojaa hakosi mpwa anayetaka kuoa. Wangu niliwaweka kwa rafiki yangu upande wa Mtera, kwenye majani. Hata mke wangu sikumwambia.

Halafu lori la mahindi likapinduka, nami nipo juu ya magunia. Hospitalini, mguu umening'inizwa, natazama dari, ndipo nikaona nilichofanya. Ng'ombe wale walikuwa wanaishi ndani ya mdomo wangu. Ukifumba, basi.

Nilipoweza kutembea na fimbo nikamfuata rafiki yangu kumwambia mwenye mali ni binti yangu. Alichinja mbuzi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi.

"Nilipokea mkononi mwako. Ukifa, nitarudisha kwa mwanamume wa ukoo wako. Nikibaki nao kwa jina la mwanamke asiyesimama, watu watasema nimemwibia kilema."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichoma.

Nikaenda mjini, kwenye ofisi moja ya akiba za muda mrefu, kuuliza kama naweza kuweka mali kwa jina la binti. Kijana mwenye tai aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Akauliza kama binti anaweza kuweka sahihi. Nikamwambia anaweza kusema. Akasema basi apatikane msimamizi, na ndugu wa kiume ndiye rahisi zaidi.

"Mzee, huna kaka?"

Kaka ninaye, mkubwa wangu, na wana wengi wa kiume ambao walikuwa bado hawajaoa. Kila njia niliyoshika ilinirudisha zizini kwake. Ng'ombe wa binti yangu wangetoka humo kuwa mahari kabla kaburi langu halijakauka, na hakuna ambaye angemwita mwizi. Angesema mtoto ni wa ukoo, atakula wanachokula wenzake. Nami najua asiyeweza kunyoosha mkono hula nini chungu kikiwa kidogo.

Nilikuwa kama ng'ombe aliyekwisha kuingia kichochoro cha josho. Nyuma wenzake wanamsukuma, mbele kuna maji.

Jioni moja nilikuwa namweleza mama yake hayo yote, kwa sauti ya chini, kama tunapanga msiba. Binti alikuwa mlangoni, pale anapokaa siku zote. Akaanza kusema. Tukangoja.

"Mnanigawa nami nipo. Mpe baba mkubwa."

Nikamwambia huyo ndiye ninayemkimbia.

"Mpe sasa, ukiwa hai. Mbele ya watu. Awe mlishaji wangu. Maziwa anywe yeye. Nikifa mimi, ng'ombe wote waende kwa dada zangu."

Mama yake alicheka, kisha akajifunika khanga usoni. Mimi nikapiga hesabu. Kaka yangu angekunywa maziwa kadiri binti anavyovuta pumzi, wala si siku moja zaidi. Lakini na yeye binti angekuwa amefungwa kwa mtu huyo maisha yake yote. Sikuipenda njia hiyo. Sikuwa na nyingine.

Niliwarudisha ng'ombe kutoka Mtera, tukawaita wazee, tukanywa pombe ya mtama, na kaka akakubali mbele yao. Alikubali haraka mno. Akiwa anatoka akaninong'oneza, "Mdogo wangu, leo umenifanya mchungaji wa kilema."

"Wa mwenye ng'ombe," nikamwambia.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Kaka akaja na ngozi begani. Nilikuwa nje, nikainuka, nikanyoosha mkono kupokea kwa mazoea. Akasimama. Nilimwona akipima. Kisha akanipita, akaitandaza mlangoni, miguuni kwa binti yangu, akasema mmoja ametuacha, ni njaa.

Binti aliinamisha kichwa akaitazama, hasa upande wa shingo.

"Baba mkubwa," akasema, na kaka ikabidi angoje yaliyobaki. "Njaa ina kisu?"

Kaka akasema ng'ombe alikuwa anakata roho, naye akamwahi.

"Sawa. Paja langu liko wapi?"

Kaka akanitazama mimi. Mimi nikatazama barabara. Akaondoka akiguna, akarudi kabla jua halijazama, paja limefungwa nyuma ya baiskeli.

Sasa kaka ni marehemu, na mama yake binti pia. Wanaokuja ni wana wa kaka, kuleta habari za ndama au ngozi. Mimi hukaa hapa nje na fimbo yangu. Wakinipita wananiamkia, naitikia, siwaulizi kitu. Nasikiliza tu kama hatua zao zitasimama mlangoni kwake.