Darubini ya Mboje

Mume wangu Mboje hana makuu. Analima pamba na mahindi hapa Lingeka, ana ng'ombe saba, na Jumapili anaimba besi kwenye kwaya. Ila ana ugonjwa mmoja: sayari. Alianza kwa kusoma kitabu cha jiografia cha binti yetu Joyness. Halafu siku moja akaenda mnada wa Mwandoya na mbuzi mwenye mimba, akarudi na darubini ya mitumba. Mbuzi mwenye mimba jamani! Siku mbili sikumsemesha.

Basi kila jioni akishafunga ng'ombe, anaikaza darubini kwenye nguzo ya zizi kwa mpira wa baiskeli isitikisike, anainama. Zuhura, Mirihi, Zohali, zote anajua zinatokea wapi na zinazama saa ngapi. Lakini kipenzi chake ni Mshtarii. Anasema pembeni yake kuna vinukta vinne, ndiyo miezi yake, na kila siku vinahama. Anavichora kwenye daftari na kuandika tarehe. Kwa miaka mitano alijaza daftari tatu.

Nzengo nzima, majirani wakubwa kwa watoto, walimcheka. "Mboje, huko juu leo wamekula nini?" Naye anacheka nao. Lakini mimi ndiye ninayelala naye, najua ilivyokuwa inamuuma. Alitaka mwenzake mmoja tu, akae naye pale nguzoni aone anachokiona yeye. Mmoja tu!

Akatokea Novatus, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi. Jioni moja aliinama kwenye darubini, akapiga kelele: "Wee Mboje! Naviona! Vinne!" Usiku ule mume wangu hakulala kwa furaha. Tangu hapo Novatus akawa mtu wa kwetu. "Mwadila, mayu," ananisalimia kwa heshima zote, namwekea michembe ya viazi na karanga, anakula, anainama, anauliza leo vimekaaje. Mwaka mzima hivyo. Mboje akawa anamwita ndugu yangu.

Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kikali, malisho yakaisha. Novatus akaja kuazima darubini kwa siku tatu, eti watoto wake nao waone. Mboje alimpa palepale, pamoja na mpira wake wa kufungia.

Watoto gani! Aliingiza ng'ombe kwenye pori la akiba. Akapanda juu ya jiwe, anawachungulia askari wa pori kwa darubini ya mume wangu. Wakienda huku, yeye anaswaga ng'ombe kule. Siku ya pili wakamzunguka kwa nyuma, wakamkamata. Alipobanwa akasema darubini ni ya Mboje, na Mboje ndiye aliyemtuma.

Wakaja kumchukua mume wangu. Maskini, akabeba daftari zake tatu, anaamini zitamtetea. Nikawafuata hadi kituoni kwao. Askari akafungua kurasa: duara na nukta, duara na nukta, tarehe na saa.

"Hii ni ramani ya doria zetu," akasema. "Hivi vinukta ndiyo sisi."

"Ni miezi ya Mshtarii, afande." Mboje akamgeukia Novatus aliyekuwa amekaa sakafuni. "Ndugu yangu, waambie. Wewe umeviona kwa macho yako."

Novatus akaangalia miguu yake. "Mimi sijawahi kuona kitu humo."

Nilitaka nimrukie. Mtu niliyemlisha kwa mikono yangu hii! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji alikuja kumdhamini Mboje, wakamwachia. Darubini na daftari wakabaki navyo kama vielelezo. Kabla hatujaondoka, Mboje akamwendea Novatus, akamuuliza kwa nini amedanganya.

"Jana sikudanganya," Novatus akasema kwa sauti ya chini. "Nilikudanganya kule kwako. Kila siku nilikuwa naona mwanga unatetemeka tu. Lakini niliona unavyofurahi, nikajua siku nikiitaka hiyo darubini hutaninyima."

Njia nzima Mboje alitembea mbele, mimi nyuma nikimtukana Novatus, mkewe na ukoo wao wote. Tulipofika nyumbani akasimama kwenye ile nguzo.

"Mama Joyness, na wewe ile siku uliponiambia umeviona?"

Ilikuwa mwaka wa kwanza. Ugali ulikuwa unapoa, nikainama mara moja, nikamwambia nimeviona ili aje ale. Hata jicho sikuliweka vizuri.

"Niliviona," nikasema. "Vinne."

"Vilikuwa upande gani?"

Mdomo uliotukana njia nzima ukasema tu, "Ngoja nikasonge ugali."