Moshi Hauna Macho

Agosti iliyopita nilikuwa Kosele, nimekaa kwenye kibanda cha chai, upepo ukaleta harufu ya nyasi zilizoungua. Kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ulikuwa umeshafunika kikombe. Mwenye kibanda akacheka, akaniuliza kama naogopa nzi. Nikamwambia ndiyo. Lakini wewe, rafiki yangu, sitakudanganya.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, miaka ya sitini ile, uhuru ungali mpya. Tuliishi na nyanya, mimi na ndugu yangu mdogo ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Kila kiangazi cha katikati ya mwaka, mtama ukishavunwa, hewa ilibadilika. Vilima vilipotea mchana kweupe, nguo tulizoanika zilinuka moshi, na uji wa wimbi ukawa na ladha ya majivu. Hakuna aliyeuliza moshi ule ulitoka wapi. Ulikuwa na msimu wake, kama kumbikumbi.

Mwaka huo mdogo wangu akashikwa na kifua. Akipumua unasikia filimbi, mbavu zinaingia na kutoka, nami nimekaa kando yake naogopa kwamba pumzi inayofuata haitakuja. Asubuhi moja alipaliwa na uji wakati jirani yetu anaingia uani kuomba kaa la moto. Nyanya akamtazama yule mama, akamtazama mtoto, basi. Akaamua kwamba ni sihoho, yaani jicho baya, lile linalomdhuru mtu kupitia chakula anachokula.

Jirani alikuwa mjane mpole, na maharagwe yake hayakuwa na mfano. Tangu siku hiyo nikapewa kazi: nikimwona njiani, nifunike kibuyu cha uji kwa ungo. "Na usimtazame usoni," nyanya alisema. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya askari, na leo inaniaibisha. Yeye naye akaanza kukohoa kila alipokaribia ua wetu, mara mbili tatu. Nyanya akasema afadhali ana adabu, anabisha hodi ili tufunike. Lisemwalo lipo, watu walinong'ona, na wazee wakasema mtoto asipopona, mjane huyo arudi alikozaliwa.

Likizo ilipofika nikapelekwa kwa shangazi yangu aliyeolewa karibu na Ogwedhi, nikawe japidi, mlezi wa mtoto wake mchanga. Huko wafugaji walikuwa wanachoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yaote, ng'ombe wapate kula. Moto ulijipanga mstari kuvuka uwanda mzima, na moshi wote ulilalia upande mmoja. Nikamuuliza shangazi moshi ule unakwenda wapi. Alijibu bila kuinua kichwa kwenye jiwe la kusagia.

"Kwenu. Kila mwaka huenda kwenu. Hujawahi kuunusa?"

Siku zilizobaki hazikwisha. Nilikuwa na neno la kumwokoa mtu na sikuwa na wa kumtuma.

Niliporudi nyumbani sikutua hata mzigo. Nikamweleza nyanya yote: moto, upepo, ule moshi ulivyolala. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto akihema mapajani pake.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "moshi hauna macho. Utamjuaje mtoto huyu peke yake? Kama ni moshi, nani mwingine anakohoa hapa?"

Nilifungua kinywa kujibu, na papo hapo tukamsikia jirani akikohoa njiani. Mara mbili, mara tatu, kisha mfululizo, mpaka akashika mti wa ua ili asianguke. Hakuwa anabisha hodi. Nilimtazama nyanya, naye akanitazama, na nadhani kwa kitambo kidogo alielewa.

"Funika," akasema. Nikafunika.

Kabla ya juma kwisha mama yule aliondoka, na kikapu kimoja kichwani. Hakutuaga, wala sikutoka kumwona. Mvua zikanyesha, moshi ukakatika, ndugu yangu akapona. Watu wakasema, si mnaona wenyewe? Leo pale palipokuwa na nyumba yake ni shamba la mahindi, na wote waliomsema wamelala ardhini. Hakuna wa kuniambia hata alizikwa wapi.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka tena, filimbi ikarudi kifuani mwa mtoto. Nyanya alikaa mlangoni kutwa nzima, akiitazama njia ambayo haikuwa na mtu.