Mti Usio na Kibao

Jua halijapanda vizuri, na Nakuam Lomorukai tayari amepiga safari sita kati ya Mto Isiolo na mkuyu mmoja ulio ukingoni mwa bustani. Anainamisha mtungi, maji yanazama shinani. Kwenye gome pamepakwa alama nyekundu: mti huu utakatwa Jumatatu.

"Salaam aleikum, Mama Ekiru," anaita Asho, rafiki yake anayeuza chai langoni. "Unamwagilia maiti?"

"Bado haijakufa," Nakuam anajibu bila kuinua kichwa.

Nakuam, 58, ni kibarua wa bustani hii kwa shilingi 450 kwa siku. Lakini aliihangaikia miaka mingi kabla ya kulipwa hata senti, na hapo ndipo uchungu wake unapoanzia.

Zamani hapa palikuwa jaa. Chupa, mifupa na matumbo ya mbuzi vilitupwa mtoni, hadi mafuriko ya mwaka mmoja yakarudisha uchafu huo vitandani mwa watu. Nakuam, Asho na jirani yao Kinanu wakachukua majembe.

"Tulizoa hiyo takataka miaka mbili. Watu walituita wazimu," anasema. Walipomaliza, wakapanda miti.

Miti ilipoleta kivuli, wakubwa nao wakakiona. Siku ya kuizindua rasmi bustani, wageni saba wa heshima walipanda miche saba, kila mmoja akawekewa kibao cha marumaru chenye jina lake. Wakapigwa picha, wakala pilau, wakaenda zao. Hakuna aliyerudi na hata kikombe cha maji.

"Sita ilikauka kabla ya Krismasi. Msimamizi wa bustani akaniambia nipande ingine haraka, wenyewe wasijue. Nikatoa miche yangu. Hiyo miti unaona na majina ya wakubwa, ni yangu."

Sasa hapa yanatakiwa maegesho ya magari. Wapimaji walikuja na sheria fupi: mti wenye kibao unabaki, usio na kibao unapakwa rangi. Ishirini na miwili ikapakwa, ukiwemo mkuyu huu, alioupanda Kinanu. Kinanu alifariki mwaka jana. Asante ya punda ni mateke, na haya yanamfuata mtu hadi kaburini.

Nakuam alikwenda ofisini kulalamika. Karani akamwuliza ana cheti gani.

"Nikamwonyesha mikono," anasema, akifungua viganja vilivyochanika. "Akasema nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo mti haiko."

Hakurudi. Alikata mitungi mikuukuu ya plastiki vipande vipande, na fundi wa kuandika mabango ya maduka akamsaidia kwa rangi. Leo ana vibao ishirini na viwili kwenye gunia. Anatoa cha kwanza na kukiegemeza kwenye gome: KINANU ALIPANDA.

Asho anaacha birika lake, anakuja kushika waya wa kukifungia, upande wa pili wa mti.

"Sheria ya kibao waliweka wao, si mimi," Nakuam anasema, akikaza waya. "Huyo wa msumeno akija Jumatatu, atanikuta hapa. Asome kwanza."