Visigino Visivyogusa Chini

Miaka yote niliyokaa mapokezi katika hoteli moja mjini Tanga, nilivaa viatu vya mchuchumio, vya kisigino kirefu, asubuhi hadi jioni. Nilikuwa naringa, sikatai. Kiatu kile kilinipandisha kifua, kikanibinua kiuno, hatua zangu zikawa fupi fupi kama za mtu anayekwepa madimbwi. Wageni walinisikia kabla hawajaniona. Mgongo ukauma, vidole vikapandana, na mimi nikajiambia kuwa urembo hauji bure.

Mazoea yana taabu. Alfajiri moja, chumbani kwangu mtaa wa Mabawa, nilishuka kitandani niende kutia udhu, nikahisi kama kuna mtu ameninyanyua kwa nyuma. Nikatazama chini. Vidole vilikuwa sakafuni, visigino viko hewani. Nikavisukuma, msuli wa nyuma ya mguu ukakaza kama kamba ya kisima, ukakataa. Daktari alinieleza bila wasiwasi kwamba msuli umezoea kujikunja hadi umefupika, na utarefuka polepole kwa mazoezi. Nilimwelewa. Lakini kila nilipotembea peku nyumbani sikuzisikia hatua zangu mwenyewe, na hilo lilinitisha kuliko maumivu. Nikanunua sandali za kisigino za kuvalia ndani, nikaacha kujitazama.

Kisha mama akafariki, kijijini kwao Kigombe. Yeye ndiye aliyemwosha bibi alipofariki, na tangu siku hiyo wosia wake kwangu ulikuwa mmoja tu.

"Mwosha huoshwa," alikuwa akisema, "na maji yangu ya kwanza utayamimina wewe."

Njiani sikulia. Nilikuwa na kazi ya kumfanyia mama, na kazi hiyo ndiyo iliyonishikilia.

Uani walikuwa wameshazungusha khanga. Mama amelazwa kwenye kitanda cha kuoshea, ubani unafuka, na majirani wanasubiri pamoja na mama mkubwa, dada yake mama. Niliwaamkia shikamoo, nikavua viatu kama wote, nikaingia.

Mchanga ulikuwa umelowa. Nilikwenda hadi kwenye ndoo, nikachota kata ya kwanza, nikamwomba jirani mmoja anishikie nikunje mikono ya gauni. Hakuipokea. Alikuwa akitazama nyuma yangu, kwenye nyayo nilizoziacha: vidole tu, mashimo madogo madogo, kisigino hakuna. Kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba mwanamke ukimtilia shaka kuwa ni jini usimtazame uso, mtazame miguu. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na watu walewale. Nikageuka, nikaziona nyayo zile, na Mungu anisamehe, nami nikaziogopa.

Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, wengine wakamfuatia. Hakuna aliyenifukuza. Nilieleza habari za viatu na habari za daktari, nikayasikia maneno yangu yakitoka haraka mno, kama ya mtu anayedanganya. Mama mkubwa akaniambia nijaribu kushusha visigino. Nikajitahidi mpaka nikayumba, nikakishika kitanda cha mama nisianguke, na wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Kata ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimnyooshea huyu, nikamnyooshea yule, na kila mmoja alificha mikono ndani ya khanga yake.

Mama mkubwa akanisogelea, yeye peke yake, akanishika shavu.

"Mie nakujua, mwanangu," alisema. "Lakini hawa waogopa kupokea maji mkononi mwako, na maiti hawekwi. Toka."

"Mama aliniusia."

"Naujua wosia wake. Toka, mwanangu."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kuwatukana wote, nao wamenilea. Lakini mama alikuwa amelala katikati yetu, akingoja, na kugombana juu yake nisingeweza. Nikaiweka kata chini. Hata hapo hawakuigusa. Mtu alikwenda jikoni kuleta nyingine.

Nje ya khanga nikachuchumaa ukutani, nikavishika visigino kwa mikono miwili, nikavivuta chini kwa hasira huku machozi yakinitoka. Havikushuka. Ndani mtu akasema bismillahi, kisha nikasikia maji ya kwanza yakimwagika juu ya mama yangu.