Jumlisha Sita

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bisibisi wala waya. Meneja wa kiwanda, mtu wa maneno machache, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akauliza, "Unajua kusubiri?" Nikasema najua. Akanipa kiti mbele ya kikaushio cha mahindi, daftari na kalamu, nisome kipimajoto kila robo saa mpaka jioni. Ndivyo nilivyoingia katika ufundi wa vyombo vya kupimia, kwenye kiwanda cha mbegu cha mtu binafsi nje kidogo ya mji wa Songea. Nilikaa hapo mpaka nywele zikabadilika rangi, na kusema kweli kazi yenyewe ilibaki ileile, kusubiri joto.

Mbegu si chakula. Mahindi ya ugali yakipata joto la ziada hayana neno, yatasagwa. Mbegu ina uhai ndani yake, imelala tu. Sisi tulikausha kwa digrii arobaini. Ukizidisha kidogo tu inakufa, na kwa macho huioni tofauti, punje ni ileile, nyeupe na nzuri.

Baada ya miaka ya daftari ikaja kompyuta, na pamoja nayo Mhandisi Mkuu, Mmatengo mcheshi ambaye hasira zake hazikukaa. Yeye ndiye aliyenifundisha programu ya kuchora. Humo huandiki maagizo kwa maneno, unachora visanduku. Kimoja kinasoma kihisi, yaani kile kijiti cha chuma kinachopima joto ndani ya kikaushio. Kingine kinalinganisha, kingine kinawasha au kuzima kichomeo. Unaviunganisha kwa waya za rangi kwenye kioo, na mchoro wenyewe ndio unaoendesha mtambo. Mimi niliyekwisha kupigwa shoti na waya za kweli, hizo nilizipenda.

Mhandisi alikuwa na sheria moja. "Usifute kitu, bwana mdogo. Sogeza pembeni." Aliwahi kufuta kisanduku kimoja asichokijua, mtambo ukalala siku mbili, na hakusahau. Basi kila tulichoacha kukitumia tulikisukuma kwenye kona ya chini ya mchoro. Visanduku vikarundikana pale, tukapaita makaburini.

Msimu mmoja tukagundua kwamba kihisi kilifungwa karibu mno na tundu la hewa baridi, kikawa kinasoma digrii sita pungufu. Nilitaka kukihamisha. Meneja akakataa kusimamisha kikaushio wakati magunia yamepangwa hadi nje.

"Jumlisha sita," Mhandisi akaniambia. "Tutakihamisha msimu ukiisha."

Nikachora kisanduku cha kujumlisha sita. Nafasi ya wazi niliyoiona ilikuwa kule makaburini, nikakiweka huko na kupitisha waya zake. Sikuandika maelezo kando yake, kwani nani angesahau? Msimu ukaisha, kihisi hakikuhamishwa. Mhandisi akapata kazi kwingine, nami nikabaki na mchoro wake na sheria yake.

Nilikuwa nimebakiza misimu miwili kustaafu pale kompyuta ya zamani ilipokufa. Mpya haikukubali programu yetu, tukalazimika kuhamia toleo jipya. Nilichoka, jamani. Macho yalikuwa yanataka miwani mbili, na kila kitufe nilichokizoea kilikuwa kimehamishwa mahali pengine. Toleo jipya lilisoma mchoro wetu lenyewe, kisha likaleta orodha ya visanduku lisivyovitambua, likauliza kama livipite na kuunga waya moja kwa moja. Nikatazama. Vyote vilikuwa makaburini. Nikajisemea, wafu hao, nikabonyeza ndiyo.

Mtambo ukawaka vizuri. Meneja akanipongeza mbele ya watu. Kioo kilionyesha arobaini, na arobaini ndiyo niliyoitaka.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa Mzee Kassim wa Namtumbo, aliyeacha tumbaku akajiunga na wakulima wetu wa mbegu. Mavuno yake yote ya mwaka ule yalikuwa mle ndani. Baada ya kukausha, Mama Mapunda wa maabara alizika punje mia kwenye kitambaa kibichi, kama ilivyo desturi, ionekane kama zinaota. Siku ya saba akaniita.

"Baba, hizi hazijaamka."

Zilizochipua zilihesabika kwa vidole. Nilitazama kile kitambaa, na hapo hapo nikakumbuka kisanduku changu cha kujumlisha sita: kioo kiliposema arobaini, ndani ilikuwa arobaini na sita. Nilikirudisha kabla ya chakula cha mchana, lakini kwa mbegu za Mzee Kassim ilikuwa imechelewa.

Meneja aliuliza swali moja tu. "Ni toleo jipya?"

Nikasema, "Ni toleo jipya."

Akaandika hivyo, nikatia saini. Mahindi yake yakaenda mashineni kusagwa. Mzee Kassim alipokuja aliambiwa kompyuta imekosea, akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimelima mbegu, nyinyi mmenirudishia unga," alisema. "Alhamdulillahi. Mashine utaigombeza vipi?" Mwaka uliofuata akarudi kwenye tumbaku.

Nilistaafu kwa keki na hotuba, wakasema sikuwahi kuharibu mzigo. Sasa niko Matogoro na migomba yangu. Juzi fundi aliyenirithi alinipigia simu, toleo jingine linakuja, akaomba ushauri. Nikamwambia asibonyeze chochote hadi aandike kando ya kila kisanduku kinafanya nini na nani alikiweka, na kilichokufa akifute. Akanishukuru sana. Nilipokata simu nikajiona mnafiki, na asubuhi yake nikapanda basi la Namtumbo.

Nilimkuta Mzee Kassim barazani anafunga majani ya tumbaku. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi. Nikamweleza yote, kisanduku, makaburi, saini. Sikupunguza kitu.

Alifunga fundo alilokuwa nalo mkononi, akaliweka chini.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Nani alikuambia, mzee?"

"Wewe. Mashine haina haya. Lakini wewe kila ukiniona sokoni Songea ulikuwa unavuka barabara."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi na fungu la majani. Nilikaa nikafunga tumbaku yake mpaka basi la kurudi lilipofika, na niliposimama akaniambia kesho kuna fungu jingine.