Pentekoste Ndani ya Giaboksi

Ukitaka kujua mashine kuukuu ina ugonjwa gani, usimuulize mwenye nayo. Fika kwake kabla hajanywa chai, uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya baridi, mwenyewe hana cha kuficha kwenye injini. Ikiwa ya moto asubuhi hiyo, kuna mtu ameamka mapema kukuficha jinsi inavyokataa kuwaka. Ndivyo nilivyofanya kazi Karatu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikikagua matrekta, magreda na matingatinga yaliyochoka ambayo watu walitaka kuuziana, na kuhudumia magari mengine yaliyonizidi umri. Rangi mpya sikuiamini hata siku moja. Mtu hapaki rangi trekta analotaka kubaki nalo.

Najisifu, lakini niseme ukweli wote: mkaguzi mzuri wa ujanja ni yule aliyewahi kuufanya, na mimi niliufanya mwingi. Vipuri vilikuwa hakuna. Ulikwenda Arusha kutafuta beringi, ukarudi na vumbi kichwani. Fundi aliishi kwa kubuni. Niliwahi kuziba rejeta kwa unga wa mahindi, na mara moja niliwateremsha watalii kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwa breki zilizojazwa maji ya sabuni. Walinishukuru sana kwa upole wa mwendo wangu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni gasketi, yaani ile karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje. Karatasi ngumu ilikuwa adimu kuliko sukari. Basi mwaka mmoja, wiki ya kwanza baada ya Pasaka, niliitwa kanisani kutengeneza jenereta. Ukutani mwa sakristia, chumba anachovalia padri, ilining'inia kalenda ya Kanisa, mwaka mzima kwenye karatasi moja kubwa, nene, sikukuu zote kwa wino mwekundu. Mkristo mwingine angeona sikukuu. Mimi niliona gasketi. Nilitoka nayo nimeiviringisha ndani ya bomba bovu la ekzosi nililolifungua kwenye jenereta, nikaaga vizuri na kupewa baraka.

Katekista wetu, Mwiraqw mrefu aliyelima ngano na mbaazi, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alitangaza Jumapili tatu mfululizo kwamba aliyechukua kalenda airudishe, hata kwa kuisukuma chini ya mlango. Mimi nilikuwa benchi la nne, nikiitikia amina. Bila kalenda ilibidi ahesabu majuma kwa vidole, akakosea, akatangaza Pentekoste wiki moja kabla ya siku yake. Watu wakaja na nguo zilizopigwa pasi, kwaya ikiwa na nyimbo mpya. Padri akafika na pikipiki kutoka parokiani, akauliza kuna harusi ya nani.

Walimcheka mpaka mavuno. Hata gulioni mtu alimpigia kelele, "Mwalimu, Krismasi ni lini, kesho?" Na mimi nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokumbuka.

Kalenda yenyewe niliikata kipande kwa kipande. Mwezi wa nane kilikuwa kimebaki kipande kimoja kizuri, ndipo msimamizi wa shamba moja upande wa Oldeani aliponiletea trekta. Giaboksi yake ililia kama fisi. Alitaka inyamaze kwa mwezi mmoja, si zaidi. Mtu anayetaka ukimya wa mwezi mmoja anauza. Nililijua hilo na sikuuliza.

Dawa yake ilijulikana kwa mafundi wote ingawa hakuna aliyekiri. Unachukua ndizi zilizoiva sana, za Mto wa Mbu ndizo bora, unazimenya, unaziponda pamoja na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, unachanganya na oili nzito na kumimina ndani. Meno ya gia yanatafuna uji, kelele zinakwisha. Baada ya muda uji unakauka, vyuma vinasagana, na mnunuzi analia peke yake shambani. Nilikata gasketi kutoka kipande kile cha mwisho, nikaipaka grisi, nikakaza boliti. Ujira wangu ulikuwa dumu la dizeli. Nilijiambia mnunuzi atatoka mbali, labda Singida, mtu ambaye sitaiona sura yake.

Wiki mbili baadaye Mwalimu akaingia karakana yangu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Fundi."

"Milele amina, Mwalimu."

"Kaya saba tumeungana tununue trekta. Tumepata moja, wanasema zuri. Lakini sisi ni watu wa jembe. Njoo ulikague."

Nilikubali bila kuuliza liko wapi. Siku iliyofuata tulipanda lori la magunia, mimi, yeye na mzee jirani yake. Njiani mzee alinieleza jambo lote. Mashamba ya kaya hizo saba yalilimwa kwa jozi moja ya maksai wake, aliowanunua zamani Arash, mbali huko kwa wafugaji, na kuwaswaga kwa miguu mpaka nyumbani. Sasa alikuwa amewaahidi kwa mtu wa kijiji cha Enguserosambu ili bei ya trekta itimie. Mtu huyo angekuja kuwachukua Jumatatu. Kwa hiyo trekta likifa, kaya saba zingebaki na majembe ya mkono, na mvua haimsubiri mtu.

Lori likakata kona kuelekea Oldeani, nami nikaanza kuhesabu matrekta yote ya upande ule, nikiomba lisiwe lile.

Trekta lilikuwa uani, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Nilijaribu kutolitambua, ila kikanyagio chake nilikitengeneza mwenyewe kwa chuma cha kitanda. Niliweka kiganja kwenye injini kwa mazoea. Ilikuwa ya baridi. Msimamizi alikuwa amelala vizuri, maana siri yake haikuwa kwenye injini.

"Karibu, Fundi," alisema. "Kumbe mkaguzi ni wewe."

"Ni mimi."

Tulitazamana kama wezi wawili wa kuku waliokutana banda moja. Nikisema ninachokijua, nimejitaja. Nikinyamaza, maksai wa mzee wamekwenda. Nikatafuta njia ya tatu, kama kawaida yangu: nitalikataa trekta kwa makosa mengine, giaboksi isiguswe, kila mtu arudi nyumbani na heshima yake.

"Matairi yamekwisha," nilisema kwa sauti ya msiba.

"Hata viatu vyangu vimekwisha," mzee alijibu, "na nimefika."

Nikawasha injini. "Linatoa moshi mweusi, mnaona?"

"Baba yangu alivuta tumbaku maisha yake yote," alisema mzee. "Alilima kuliko mimi."

"Usukani umelegea. Unauzungusha robo nzima ndipo linasikia."

"Wanafunzi wangu wa komunyo ndivyo walivyo," alisema Mwalimu. "Unasema mara mbili."

Ukipenda, chongo utaita kengeza. Nilitaja betri, nikataja taa, nikataja mpaka kiti. Kila kosa walilisamehe. Sijawahi kuona trekta likipata mawakili wazuri namna ile. Msimamizi alikuwa akitabasamu, na alipoona nimeishiwa maneno, akapanda mwenyewe na kulizungusha uani. Lilipita mbele yetu kimya, kwa adabu ya bi harusi.

"Na giaboksi, Fundi?" aliuliza aliposhuka. "Waambie wazee ilivyotulia."

Mzee alikuwa amesogea, ameweka mkono juu ya matigadi ya gurudumu, akiupitisha taratibu kama anapapasa mgongo wa ng'ombe.

"Nilipokwenda Arash," alisema bila kunigeukia, "nilimchagua maksai mmoja mkubwa, mzuri kuliko wote. Mfugaji mwenyewe akaniambia, huyo muache, ana goti bovu, mlimani atakuangusha. Mimi nilikuwa simjui, naye hanijui. Ningelimnunua." Akalipiga trekta kofi dogo. "Ng'ombe ninamjua sasa. Hiki sikijui. Kwa hiki, macho yangu ni wewe."

Niliona aibu, na haikuwa ile ya kukamatwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenikamata. Mfugaji mmoja asiyenijua, huko Arash, alikuwa amenishinda kwa sentensi moja.

Nilichukua spana kwenye mfuko wangu.

"Ya nini hiyo?" aliuliza msimamizi.

"Nafungua kifuniko cha giaboksi."

"Kimekazwa vizuri tu, Fundi."

"Najua kilivyokazwa."

Boliti zilipotoka, nilikiinua kifuniko, na harufu ikatupiga puani, harufu ya kilabu cha pombe siku ya mnada. Wiki mbili za joto zilikuwa zimezichachusha ndizi vizuri. Mzee alichovya kidole, akanusa, akakitazama muda mrefu.

"Linakunywa dizeli," aliuliza, "au linakula ndizi?"

Nikawaeleza dawa ile inafanya nini na mwisho wake ni upi. Nilieleza kitaalamu sana, kama mtu aliyeisikia kwa wengine. Mwalimu akauliza ni nani anayeweza kuwafanyia watu jambo kama hilo. Msimamizi akatazama mawingu. Ulimi wangu, ambao haujawahi kuninyima uongo nilipouhitaji, ulikuwa umeshaandaa jibu: mafundi wa siku hizi, Mwalimu, hawana hofu ya Mungu.

Sikuwahi kulisema. Mwalimu alikuwa ameinama, ameibandua gasketi. Mimi nilitegemea grisi ingekuwa imeyala maandishi, kumbe grisi ndiyo iliyoyahifadhi. Aliipangusa kwa leso yake, akaiinua juani, akasoma polepole kwa sauti ileile ya kusomea Waraka kanisani.

"Dominika ya Pentekoste."

Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilikuwa zimechapwa kwa wino mwekundu.

"Kalenda ni mimi, Mwalimu," nilisema. "Na ndizi ni mimi."

Nilisubiri hasira. Alikuwa na haki ya kunipiga, na mikono ya kufanyia hivyo alikuwa nayo. Aliigeuza gasketi mkononi, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Noeli iko wapi?"

"Kwenye landrova ya bwana mifugo."

"Kwaresima?"

"Pampu ya maji, lori la mbao."

"Watakatifu Wote?"

"Sikumbuki vizuri. Nadhani walikwenda Mbulu."

Alitikisa kichwa. "Kwa hiyo mwaka mzima wa Kanisa unazunguka barabarani, na mimi nahesabu vidole." Akaikunja gasketi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, grisi na yote.

Msimamizi, akiogopa habari zisije zikamfikia mwenye shamba, alikata bei nusu palepale. Kwa bei hiyo maksai hawakuwa na haja ya kuuzwa tena. Mzee alikubali haraka kuliko wote, na nilimwona akigeukia ukuta kujifuta macho. Hukumu yangu aliitoa Mwalimu: nitalitengeneza mwenyewe, na nitalihudumia bila malipo mpaka lifie mikononi mwangu. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikwenda kwenye mzoga wa trekta uliotelekezwa porini, nikang'oa gia nzima, nikafanya kazi mwezi mzima. Lililima mashamba ya kaya zote saba, msimu kwa msimu, na nililijua kuliko nilivyojua watoto wangu.

Kila mwaka, Majilio yakikaribia, ndio mwanzo wa mwaka wa Kanisa, Mwalimu alikuja karakana na kalenda mbili. Alizitandika juu ya meza yangu bila kutabasamu hata kidogo.

"Hii ya ukutani," alisema. "Na hii ya giaboksi."

Siri yangu hakumwambia mtu. Mzee naye alinyamaza. Watu waliendelea kumtania Mwalimu kwa Pentekoste yake, mwaka baada ya mwaka, na yeye aliwaacha. Wakati mwingine nilikuwapo. Alinitupia jicho mara moja tu, kisha akacheka pamoja nao, na mimi nikajifanya natafuta spana iliyoanguka.

Alifariki kabla ya miaka ya themanini kwisha, kwa homa ya siku chache. Tulimzika katika shamba lake la mbaazi, na trekta ndilo lililobeba jeneza, nikiwa nimelihudumia asubuhi ile kwa machozi. Watu wakapewa nafasi ya kumkumbuka. Mmoja, bila ubaya wowote, akasimulia habari za Pentekoste ile, na msiba wote ukacheka. Nilimtazama mjane wake akiinamisha uso.

Nikasimama. Nilivua kofia, nikamgeukia mjane.

"Mwalimu hakuwa mtu wa kukosea," nilisema. "Kalenda ilikuwa haipo. Niliiba mimi, nikaikata gasketi. Alilijua hilo tangu mwaka uleule, na akakubali kuchekwa badala yangu mpaka amekufa."

Hakuna aliyecheka tena. Mjane aliinua uso akanitazama, na sikuweza kusoma alichokuwa anafikiri. Nikajiona nimemaliza, nikaanza kukaa.

Kutoka nyuma, penye wazee, nikaisikia sauti ninayoijua, ya mwenye maksai wa Arash, aliyekuwa amezeeka sasa na kuegemea fimbo.

"Na ndizi, Fundi?"

Nikasimama tena.